Nyutrino zina tungamo, ila kiasi chake bado hakijulikani

Wapo wanaodai kwamba nyutrino, zile chembe ndogo mno zisizo na chaji ya umeme, hazina tungamo; si kweli. Wazo hilo lilizikwa mwaka 1998, pale kituo cha Super-Kamiokande cha Japani kilipoonyesha kuwa nyutrino zinazozaliwa kwenye angahewa hubadilika aina zikiwa njiani. Miaka michache baadaye kituo kingine cha nyutrino, SNO cha Kanada, kikaona jambo hilohilo kwa nyutrino za Jua. Chembe isiyo na tungamo haibadiliki hivyo. Kazi hiyo ndiyo iliyowapa Takaaki Kajita wa Super-Kamiokande na Arthur McDonald wa SNO Tuzo ya Nobel ya 2015.

Kinachochanganya wengi ni kwamba mabadiliko hayo hutupatia tu tofauti za vipeo vya pili vya tungamo (tungamo mara tungamo) kati ya nyutrino tatu, si tungamo lenyewe. Ni kama kujua ndugu watatu wamepishana kiasi gani bila kujua umri wa yeyote. Tena hata mpangilio wao haujathibitishwa: nyutrino ya tatu huenda ni nzito kuliko zote, au nyepesi kuliko zote. Kituo cha JUNO cha China, kilichoanza kukusanya data 2025, kimejengwa hasa kwa swali hilo.

Kwa kupima moja kwa moja, jaribio la KATRIN la Ujerumani limeweka kikomo cha juu cha elektronivolti 0.45 (kizio cha nishati ambacho wanafizikia hukitumia pia kwa tungamo), yaani chini ya sehemu moja ya milioni ya tungamo la elektroni. Vipimo vya kosmolojia, yaani sayansi ya ulimwengu mzima, hutoa kikomo kikali zaidi, lakini hutegemea modeli ya ulimwengu iliyotumika, kwa hiyo mimi nisingevitumia kumaliza ubishi.