Kabla ya kuuliza mlipuko wa redio umesababishwa na nini, uliza umetoka wapi

Wanafunzi wa fizikia wanaoniuliza kuhusu milipuko ya redio ya kasi (kwa kifupi cha Kiingereza, FRB), yaani mimweko mifupi mno ya mawimbi ya redio kutoka mbali angani, karibu wote huanza na chanzo chake. Kwa uzoefu wangu wa kuchambua takwimu za darubini za redio, anayeanzia hapo huzama katika nadharia, kwa sababu karibu kila nadharia inaweza kutetewa maadamu mahali mlipuko ulipotoka hapajulikani. Kwa hiyo nawashauri waanze na mahali, na waanze na milipuko inayojirudia.

Mlipuko mmoja hudumu milisekunde chache tu. Usiporudi, kilichopimwa wakati ule ndicho pekee utakachokuwa nacho, lakini unaojirudia unaweza kuuvizia kwa darubini yenye uwezo mkubwa zaidi. FRB 121102 ulinaswa na darubini ya Arecibo, Puerto Rico, tarehe 2 Novemba 2012, na mwaka 2016 ikatangazwa kwamba unajirudia. Kujua kwamba ulitoka ndani ya eneo ambalo Arecibo iliweza kulitofautisha ni sawa na kuambiwa kwamba mwenyeji wako anakaa Dar es Salaam: hujadanganywa, ila huwezi kubisha hodi. Mwaka huohuo antena za VLA, kundi la darubini za redio huko New Mexico, Marekani, ziliukodolea macho kwa saa 83 na kunasa milipuko tisa, iliyowaongoza watafiti hadi kwenye galaksi ndogo iliyo umbali wa miaka ya nuru ipatayo bilioni 3. Ukinasa mlipuko mmoja katika zamu nzima, usikate tamaa. Kazi hii ndivyo ilivyo.

Jambo la pili ni kujizoeza kusoma mchoro wa masafa (frikwensi) na wakati kwa macho yako kabla ya kuiachia programu. Elektroni zilizotawanyika njiani huchelewesha masafa ya chini kuliko ya juu, hivyo mlipuko wa milisekunde huonekana kama mstari uliopinda. Kwa FRB 180916, tofauti ya kufika kati ya megahezi 800 na 400 inakaribia sekunde 7. Mkunjo huo una kanuni yake, na ni lazima uukague kwa makini: huko Parkes, Australia, ishara zilizofanana nao ziliwasumbua watafiti kwa miaka, hadi mwaka 2015 ilipothibitishwa kwamba zilitoka kwenye maikrowevu ya jikoni iliyofunguliwa mlango kabla haijamaliza kazi.

Mahali pakijulikana, nadharia huanza kuwajibika. Tarehe 19 Juni 2019, antena nane za mtandao wa darubini za redio wa Ulaya zilinasa milipuko minne ya FRB 180916 na kuifuatilia hadi kwenye mkono mmoja wa galaksi yenye mikono iliyojipinda, karibu na eneo linalozaa nyota. Tarehe 28 Aprili 2020 magneta SGR 1935+2154, yaani masalia mazito ya nyota yenye usumaku mkali mno, iliyomo katika galaksi yetu wenyewe, ikatoa mlipuko mkali wa redio. Wengi waliridhika kwamba chanzo ni magneta changa, zinazobaki baada ya nyota kubwa kuporomoka. Kisha FRB 20200120E ukapatikana ndani ya kishada cha nyota kongwe katika galaksi ya M81, umbali wa miaka ya nuru milioni 12 hivi, mahali ambapo nyota kubwa za aina hiyo zilikwisha kufa zamani mno. Huenda magneta hutokea kwa njia nyingine pia, kama vile kuporomoka kwa nyota kibete nyeupe (kiini kinachobaki nyota ya kawaida inapokufa) au kugongana kwa nyota mbili. Mimi nasimama kwenye vyanzo zaidi ya kimoja, na namsihi kila mwanafunzi asiandike tasnifu inayotegemea mlipuko mmoja maarufu.

Kwa mazoezi, pakua orodha ya kwanza ya darubini ya CHIME ya Kanada, iliyotolewa mwaka 2021, ambayo iko wazi kwa umma. Ina milipuko 536, na kati ya vyanzo vyake 18 vinajirudia. Chagua kimoja, tazama safu ya kosa la mahali, halafu hesabu ni galaksi ngapi za mwangaza unaoutafuta zingeweza kuangukia humo kwa bahati tu. Zikiwa nyingi, usiitaje hata moja kuwa mwenyeji, yaani galaksi ambamo mlipuko ulitoka, hata kama iliyo katikati inapendeza vipi.