Marekani ikitaka kupigana kutokea kambi zake za Japan, lazima Tokyo iulizwe?

SWALI: Nasomea uhusiano wa kimataifa. Kila mawaziri wa Japan na Marekani wakikutana, tamko lao husema wameshauriana kuhusu Taiwan na Korea Kaskazini. Je, mashauriano hayo yanaipa Japan uwezo wa kuizuia Marekani kutumia kambi zilizoko Japan?

JIBU: Hayo, hapana. Yapo mashauriano ya aina mbili, na wengi huyachanganya.

Hayo unayoyasoma kwenye matamko msingi wake ni Ibara ya 4 ya mkataba wa usalama uliosainiwa Washington tarehe 19 Januari 1960. Pande mbili hushauriana mara kwa mara, na upande wowote unaweza kuomba kikao endapo usalama wa Japan au amani ya Mashariki ya Mbali iko hatarini. Kikao chake kikuu ni cha mawaziri wanne, wa mambo ya nje na wa ulinzi. Hapo watu hupanga na kulinganisha misimamo. Hakuna anayeomba ruhusa.

Ruhusa inahusu mashauriano ya awali. Hayamo ndani ya mkataba wenyewe bali katika barua ambazo Waziri Mkuu wa Japan, Kishi, na Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Herter, walibadilishana siku ileile. Mambo ni matatu: kuingiza Japan kikosi kikubwa, mabadiliko makubwa ya silaha, na kutumia kambi kwa mapigano yasiyo ya kuilinda Japan yenyewe. Kwa maelewano yao, kikosi kikubwa ni kuanzia divisheni moja ya jeshi la nchi kavu, au kikosi kazi kimoja cha majini. Silaha ni vichwa vya nyuklia na makombora ya masafa ya kati na marefu, pamoja na vituo vyake.

Je, Tokyo inaweza kukataa? Barua ziko kimya. Ila tamko la Kishi na Rais Eisenhower wa Marekani lilisema Marekani haina nia ya kwenda kinyume na matakwa ya Japan katika mambo hayo, na serikali ya Japan hushikilia kwamba inaweza kujibu ndiyo au hapana.

Tatizo liko kwenye mianya. Barua zinazungumzia kuingiza majeshi, kwa hiyo kuyaondoa hakuhitaji kuulizwa. Tena, wakati wa vita vya Vietnam Tokyo ilichukulia kwamba meli inayotoka Yokosuka, kambi ya wanamaji wa Marekani nchini Japan, na kupewa amri ya kupigana ikiwa safarini imehama tu, kwa hiyo haihitaji mashauriano. Kuhusu nyuklia, jopo la wataalamu lililoundwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Japan lilieleza mwaka 2010 kwamba kulikuwa na maelewano ya siri, kwa maana pana, juu ya meli zenye silaha hizo kutia nanga Japan bila mashauriano ya awali. Ndiyo maana mashauriano rasmi ya awali hayajawahi kufanyika hata mara moja. Kwa maoni yangu, kinga hii ina nguvu zaidi bungeni Tokyo kuliko kambini.

Matamko yasome mawili kwa pamoja, la sasa na lililotangulia, uangalie kilichoongezwa. Aprili 2021, Waziri Mkuu Suga na Rais Biden waliitaja Taiwan. Viongozi wa nchi hizi hawakuwa wameitaja kwenye tamko la pamoja tangu Sato na Nixon mwaka 1969. Ukikuta Ibara ya 5, inayohusu kuilinda Japan ikishambuliwa, na visiwa vya Senkaku, ambavyo China pia inavidai, angalia maneno "chini ya utawala wa Japan". Marekani inaahidi kuvilinda, lakini haisemi ni vya nani.