Kabla ya kuchagua kiwanda, mtafute fundi anayekereza shafti

Nimefanya kazi za biashara na mipango katika halmashauri moja ya kanda ya kati kwa miaka tisa. Mpango mkakati wa kwanza nilioshiriki kuuandika ulikuwa na sekta 11 za kipaumbele: alizeti, ngozi, asali, vitunguu, kuku, hadi utalii. Kila diwani aliiona kata yake humo, na baraza likapitisha bila ubishi. Tukatenga eneo la viwanda vidogo nje ya mji, tukajenga banda, tukaweka geti. Miaka minne banda lile halikupata mpangaji. Fedha ile ilikuwa ya ushuru wa mazao, jasho la wakulima, na mpaka leo inaniuma.

Kilichonifungua macho ni Singida. Ukipita barabara ya Dodoma utaona madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa kando ya lami yaking'aa kama asali. Wengi tunaishia kununua na kuendelea na safari. Safari moja nilishuka, nikakaa siku tatu kwa wakamuaji. Siku ya pili mashine ya mwenyeji wangu iligoma: shafti inayosukuma mbegu ilikuwa imelika meno. Nilidhani kazi imesimama wiki nzima. Kijana akaifungua, akaibeba begani, akavuka barabara mpaka kwa fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma. Yule fundi akayajaza meno kwa kuchomelea, akayakereza upya, na kabla ya alasiri mafuta yalikuwa yanatiririka tena. Akaniambia hana kazi nyingine mwaka mzima zaidi ya shafti na vichujio vya wakamuaji wale. Jirani yake anauza madumu matupu. Mwingine ananunua mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa, na kuyapakia kwa wafugaji.

Hilo ndilo kongano. Neno hili siku hizi liko kwenye kila andiko la mradi, na mtu anaweza kudhani kongano huanzishwa kwa kikao. Mimi ninavyoliona, wazalishaji wa kitu kimoja wakishakuwa wengi kiasi kwamba mtu mwingine anaishi kwa kuwahudumia wao tu, kongano lipo tayari, hata kama halina kibao. Banda letu lilikuwa na geti na nguzo ya umeme, ila fundi yule hakuwa na sababu ya kulifuata huko.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa afisa mipango au diwani anayesoma hapa: usianze na orodha ya mazao. Tembea na daftari, uliza kila mkamuaji, kila mshonaji wa viatu, kila mchonga samani: kikiharibika unapeleka kwa nani, malighafi inakuishia mwezi gani, nani aliwahi kukurudishia mzigo na kwa nini. Majibu ya watu 20 yatakuonyesha sekta yako kuliko takwimu za ekari.

Baada ya hapo chagua moja. Mbili ikizidi sana. Najua ugumu wake, kwa sababu kata ambayo haikuguswa italalamika na baraza litakuwa la moto. Simama hapo hapo.

Kisha tafuta kile ambacho hakuna mmoja wao anayeweza kukitatua peke yake. Kwa wakamuaji wadogo mashine si tatizo kubwa, wengi wanazo. Tatizo ni kwamba alizeti inavunwa katikati ya mwaka, mwenye mtaji mkubwa anaikusanya yote, na ikifika Desemba mashine za wadogo zimelala. Wanahitaji ghala la pamoja na fedha ya kununulia mbegu msimu wa mavuno. Wanahitaji pia chujio zuri la pamoja na mtu wa kuwashika mkono hadi wapate alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, maana bila hiyo rafu za maduka makubwa huzioni. SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, ipo tangu 1973 kwa kazi za namna hii, nenda ukae nao mapema kabla bajeti haijafungwa.

Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ya mikopo kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu? Sisi tulikuwa tunaigawa kwa kila kikundi kilicholeta barua, huku bodaboda, kule kuku. Tulipoanza kuwapa nafasi zaidi vikundi vya mnyororo mmoja, mmoja wa vifungashio, mwingine wa mashudu, marejesho yakawa rahisi kufuatilia, kwa kuwa kila kikundi kilikuwa mteja wa mwenzake na walisukumana wenyewe.

Lipo jambo lisilo mikononi mwa halmashauri, na mkulima anastahili kuambiwa ukweli wake. Mwaka 2018 serikali ilipandisha ushuru wa forodha kwa mafuta ghafi ya kula yanayotoka nje hadi asilimia 25, na yaliyosafishwa hadi asilimia 35, na alizeti ikapata moyo. Baadaye nafuu ikatolewa kwa mafuta ya nje, na msimu wa 2023 bei ya alizeti ikaanguka. Nilimwona mama mmoja kituo cha kununulia mazao akifunga tena magunia yake, akayapandisha kwenye mkokoteni na kurudi nayo nyumbani. Mkakati wa mkoa usio na watu wa kwenda kuisemea alizeti wakati ushuru unapopangwa unamwacha mama huyo peke yake. Wakamuaji wakiwa na umoja wao ndio wanaopaswa kwenda, na nauli yao iwekwe kwenye bajeti ya mkakati kama tulivyoweka nondo za lile banda. Bajeti ya taifa husomwa Juni, kwa hiyo wawe wameshafika wizarani mwanzoni mwa mwaka, wakiwa na daftari lile la majibu mkononi.