Soya za njano licha ya kupaka rizobiamu

Umesema mbegu za soya ulizipaka bakteria wa rizobiamu, wanaoupa mmea naitrojeni ya hewani, ila wiki ya sita majani bado ni ya njano. Chimba mche kwa jembe. Ukiuvuta, vinundu (vivimbe vidogo vya mizizini wanamoishi bakteria hao) hubaki udongoni. Pasua kinundu kwa ukucha: ndani pakiwa pekundu, bakteria wanafanya kazi. Pakiwa peupe au kijani, hapana.

Kama hakuna vinundu kabisa, huenda bakteria waliuawa na jua au dawa ya ukungu kwenye mbegu, au pakiti ya bakteria ilikuwa ya maharage, na hao soya haiwapokei. Weka mbolea ya naitrojeni sasa kuokoa zao. Msimu ujao paka mbegu kivulini, panda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu, na usisahau fosforasi.