Je, kutojua kazi za nyumbani ni upungufu wa imani?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka mitano na mwingine miwili. Nilisoma shule za bweni tangu darasa la nne, nikaenda chuo, nikaajiriwa, na siku zote nyumbani kwangu alikuwapo dada wa kazi. Mwaka huu nimeacha kazi ili niwalee watoto, na dada naye ameolewa. Ndipo nilipogundua kwamba sijui kitu. Chapati zangu hazitafuniki, fedha ya matumizi ya mwezi inakwisha tarehe 20, na nikimaliza vyombo usiku ninasinzia kabla sijafungua Biblia. Katika jumuiya, mama mmoja alisema kwamba mwanamke asiyejua jiko hajaielewa Mithali 31. Mwingine akamjibu kwamba jiko ni utumwa, na kwamba Yesu alimkataza Martha. Nani kati yao anasema kweli? Je, nikimwomba mama mkwe anifundishe nitakuwa nimejishusha? Na nikitafuta dada mwingine, nitakuwa nimekimbia wito wangu?

JIBU: Amina, mama. Kutojua kazi ambayo hukufundishwa si dhambi. Tangu ukiwa na umri wa miaka kumi hivi ulikula chakula cha bwenini, kilichopikwa na wapishi wa shule katika masufuria makubwa, kisha ukaingia katika maisha ya kazi ambayo hayakukupa nafasi ya kusimama jikoni karibu na mtu anayejua. Hakuna andiko linalomhesabia mtu hatia kwa jambo la namna hiyo. Maandiko yanasema mengi, hata hivyo, kuhusu mahali ambapo ujuzi huo hupatikana, na naamini jibu la maswali yako yote limo humo.

Nianze na Mithali 31, kwa kuwa ndiyo iliyotumika kukuumiza. Sura hii husomwa sana kwenye harusi zetu kana kwamba ni orodha ya masharti anayokabidhiwa bibi harusi kabla hajakata keki, na wengi hawaanzi kwenye mstari wa kwanza, unaotuambia kwamba haya ni maneno ya mfalme Lemueli, mausia aliyofundishwa na mama yake. Anayefundishwa hapa ni kijana wa kiume. Mama anamwonya mwanawe juu ya pombe na uzinzi, anamwagiza awatetee maskini, kisha sura inamwonyesha mwanamke wa kuthaminiwa. Shairi lenyewe, kuanzia mstari wa 10 hadi wa 31, lina mistari 22, na kila mstari katika Kiebrania unaanza na herufi inayofuata ya alfabeti yao, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Mshairi amekusanya sifa za maisha mazima na kuzipanga herufi kwa herufi; hakuandika ratiba ya Jumatatu. Mwanamke huyo ananunua shamba, anapanda mizabibu, anasokota, anauza nguo za kitani, na katika mstari wa 28 wanawe wanainuka na kumwita heri. Watoto wanaoweza kusimama na kumsifu mama yao wamekwisha kukua. Wako wa miaka miwili bado anamwaga uji sakafuni, na hilo si ushahidi dhidi yako.

Zaidi ya hayo, shairi linapofika mwisho linasema sifa inatokana na nini: «Bali mwanamke amchaye BWANA, ndiye atakayesifiwa.» Kazi zote zilizotajwa kabla ya hapo ni matunda ya uchaji huo katika nyumba fulani, ya mtu mwenye mali fulani, katika nchi fulani. Yule mama wa jumuiya amechukua tunda akalifanya kuwa mzizi.

Yule wa pili naye hajamsoma Martha mpaka mwisho. Katika Luka 10 Bwana anamwambia, «Martha, Martha, unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi.» Anachokemea ni mahangaiko, pamoja na lile lalamiko lililotaka Mariamu, ndugu yake, aondolewe miguuni pa Yesu alipokuwa akisikiliza. Hakumwambia azime moto. Ukimfuata Martha huyo huyo katika Yohana 11:27 utamkuta akitoa moja ya ukiri ulio wazi kuliko wote katika Injili, kwamba Yesu ndiye Kristo, Mwana wa Mungu. Na sura inayofuata, katika mstari wa 2, Bwana ameandaliwa karamu Bethania, «naye Martha akatumikia». Bado anahudumia mezani, na safari hii hakuna lalamiko lililoandikwa. Na Bwana mwenyewe baada ya kufufuka, kando ya bahari ya Tiberia, aliwasha moto wa makaa, akaweka samaki juu yake na mkate, akawaita wanafunzi waliokesha usiku kucha wale asubuhi. Anayeita jiko utumwa na aisome Yohana 21 kwa utulivu.

Sasa tuje kwenye andiko ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha suala lako, yaani Tito 2:3–5. Paulo amemwacha Tito Krete ayatengeneze mambo ya makanisa machanga. Anapofika kwa wanawake vijana, hamwagizi Tito awafundishe yeye mwenyewe. Anawaagiza wazee wa kike wawe «wafundishao mema», wawatie wanawake vijana akili, na katika yale watakayowafundisha anaweka pamoja kupenda waume, kupenda watoto, kuwa na kiasi, kuwa safi, kufanya kazi nyumbani mwao na kuwa wema. Angalia jinsi upendo, usafi wa moyo na kazi ya mikono vilivyowekwa katika darasa moja, chini ya mwalimu mmoja. Paulo hakutenga siku ya upishi na siku ya imani. Hata kuwapenda watoto, jambo ambalo tungedhani huja lenyewe, amelitaja miongoni mwa mambo ya kufundishwa.

Kwa hiyo yule mama aliyekusema jumuiyani, ikiwa amekuzidi umri, andiko hili linamdai yeye kabla halijakudai wewe. Kama aliona kwamba hujui, wajibu wake ulikuwa kuja kwako na mwiko mkononi. Nasema hivi kwa uchungu kidogo, kwa sababu katika sharika zetu nyingi tunao akina mama wastaafu wenye ujuzi wa miaka 40, tunao pia akina mama vijana wanaojifunza kupika kwa kutazama video kwenye simu usiku, na makundi hayo mawili hukaa benchi moja kila Jumapili bila kupeana kitu zaidi ya salamu.

Lakini inawezekana kufanya vingine. Nimewahi kuona katika usharika mmoja mama mjane aliyewakaribisha akina mama vijana nyumbani kwake Jumamosi mchana. Siku niliyopita kumsalimia walikuwa wanapika chapati. Aliwaonyesha kwamba maji yawe ya vuguvugu, na kwamba unga ukandwe mpaka uwe laini na kunata kidogo vidoleni, kwa kuwa wengi huogopa kunata huko, huongeza unga mkavu, na chapati huanza kuwa ngumu hapo hapo kabla hata ya kufika motoni. Kisha akaufunika kwa kitambaa chenye unyevu, akawaambia, «Sasa uacheni upumzike, na sisi tupumzike.» Katika ile nusu saa walisoma Zaburi moja, kila mmoja akataja jambo la nyumbani kwake, wakaombeana. Baada ya hapo wakakata matonge, wakasukuma, wakapaka mafuta na kukunja, na mama yule akawakumbusha kwamba kikaango kiwe na moto wa kutosha, maana chapati inayokaa muda mrefu kwenye moto hafifu hukauka. Sijui darasa la Biblia lililokuwa na mahudhurio mazuri kuliko lile.

Wala jambo hili si geni katika historia ya Kanisa. Mwaka 1876, huko Old Alresford nchini Uingereza, Mary Sumner, mke wa kasisi wa Kianglikana, alipopata mjukuu alikumbuka jinsi umama ulivyomlemea mwanzoni, akawaita akina mama wa parokia yake, matajiri kwa maskini, wasaidiane katika malezi na maombi. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza alishikwa na woga kiasi cha kushindwa kuzungumza, akawaomba warudi juma lililofuata. Chama cha akina mama wa Kianglikana kilichozaliwa hapo kimefika mpaka kwetu Afrika Mashariki. Kilianza kwa mwanamke aliyekubali mbele ya wenzake kwamba umama ni kazi ya kujifunza.

Tena ujuzi wa mikono ni kipawa cha Mungu kwa maana kamili ya neno hilo. Katika Kutoka 31 Mungu anasema amemjaza fundi Bezaleli roho yake kwa ajili ya kazi ya ustadi, na sura ya 35 inawataja wanawake wenye mioyo ya hekima waliosokota kwa mikono yao nyuzi za hema takatifu. Sura hiyo hiyo inaongeza kwamba Mungu alitia moyoni mwa Bezaleli uwezo wa kufundisha wengine. Kwa hiyo unapoomba hekima, mama, usione haya kuomba pia hekima ya kupanga fedha ya mwezi. Kaa na mume wako siku ya kwanza ya mwezi, tengeni sadaka, kodi na ada, kisha fedha ya chakula igaweni kwa majuma manne na kila juma liwe na bahasha yake. Unga, mchele, maharage na mafuta vinunuliwe kwa pamoja mwanzoni, na bahasha ibaki kwa mboga na vitu vidogo. Bahasha ya juma ikiisha siku ya Alhamisi, mtakuwa mmejua tatizo mapema badala ya kulijua tarehe 20.

Nimemtaja mume kwa makusudi. Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa huko Ujerumani, aliandika mwaka 1522 kwamba baba anayefua nepi za mtoto wake kwa imani, hata majirani wakimcheka, Mungu anamtazama kwa furaha pamoja na malaika wake. Kama baba wa watoto wako ni msomaji, mpe sentensi hiyo.

Kuhusu usingizi na Biblia, shauri langu ni kwamba uache kumtolea Mungu saa nne usiku, saa ambayo huna kitu kilichobaki. Zaburi 127 inasema kwamba Yeye humpa mpenzi wake usingizi, lala. Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliyoitunga ili neno lifundishwe majumbani, anapendekeza ibada ya asubuhi iliyo fupi mno: Imani ya Mitume, Sala ya Bwana, ombi fupi, kisha uende kazini kwa furaha ukiimba wimbo. Ibada hiyo haimalizi dakika tano. Ongeza mistari michache ya Injili wakati chai inachemka, na umsomee kwa sauti yule wa miaka mitano. Kumbukumbu la Torati 6:7 linaagiza maneno ya Mungu yanenwe «uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo», na nyakati zote hizo nne mama aliye na watoto wadogo anazo kila siku, pengine kuliko mchungaji wake. Timotheo, mwanafunzi wa Paulo, aliyajua maandiko matakatifu tangu utoto, na Paulo anataja imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Baba yake alikuwa Myunani, na hatuambiwi popote kwamba aliamini. Mafundisho yale yalitoka kwa wanawake wawili ndani ya nyumba.

Kuhusu mama mkwe, ombi lako halikushushi. Ruthu alimfuata Naomi, mama mkwe wake, akamwomba ruhusa ya kwenda kuokota masazo, akasikiliza maelekezo yake juu ya desturi za watu asiowajua, na Biblia inamtaja kwa heshima. Ila usimwambie mama mkwe kwamba hujui kitu, kwa sababu maneno hayo humfanya mkubwa asijue aanzie wapi, na wengine huanzia kwenye lawama. Mwombe jambo moja: «Mama, naomba unionyeshe unavyopika maharage ya nazi anayoyasifu mwanao.» Simama naye, shika kijiko, uliza. Akikusema neno kali, lipokee kimya siku hiyo, na siku nyingine umwombe jambo la pili. Kama ni mtu asiyepoa, tafuta mama mwingine katika usharika, na mchungaji wako akusaidie kumpata.

La mwisho ni dada wa kazi. Mwanamke wa Mithali 31 alikuwa nao, na mstari wa 15 unasema aliamka kabla hakujapambazuka akawapa wajakazi wake sehemu zao. Hivyo hujakimbia wito wowote ukipata msaidizi. Mlipe kwa tarehe mliyokubaliana, ale mnachokula, Jumapili apate nafasi ya kwenda kuabudu, na mnaposali jioni aitwe naye akae pamoja nanyi, kwa kuwa Waefeso 6:9 inawakumbusha mabwana kwamba Bwana wao na wa watumishi wao yuko mbinguni, wala kwake hakuna upendeleo. Akiwa binti mdogo aliyetoka kijijini bila kufundishwa, kama ulivyokuwa wewe, mfundishe yale utakayokuwa umejifunza, ukianza na chapati.