Fomu za kuburuta au za kuandika: yaliyonikuta Moshi

Mkuu, umeuliza kama fomu za programu yako ya stoo uziburute kwenye dizaina ya Visual Studio, yaani uzipange kwa kipanya ndani ya programu hiyo ya kutengenezea programu, au uziandike kwa msimbo. Mimi siku hizi naandika, na nilifika huko kwa taabu.

Nilianza na Windows Forms, zana za Microsoft za kutengenezea fomu za Windows, hapa Moshi, kwa programu ya kupokelea kahawa ya chama cha msingi. Fomu ya mizani niliiburuta yote: jina la mkulima, namba yake, magunia, kilo. Siku moja tu, karani akaanza kuitumia. Kwa hilo dizaina naiheshimu mpaka leo. Mtu akiwa amekaa pembeni yako anasema "hiki kisogee huku", hakuna njia ya haraka kuliko hiyo.

Taabu ilianza tulipokuwa wawili. Ukuzaji wa skrini (scaling ya Windows) kwangu ulikuwa asilimia 100, kwa mwenzangu 125. Akifungua fomu, akasogeza kitufe kimoja na kuhifadhi, dizaina inaandika upya vipimo vya fomu nzima kwenye faili la Designer.cs, lile ambalo dizaina huandikia msimbo wake. Ukiangalia Git, inayotunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo, unakuta mistari kibao imebadilika, hujui ipi kaiandika yeye na ipi kaiandika mashine. Usiku mmoja tulishindwa kabisa kuunganisha kazi zetu mbili, tukatupa kazi yake ya siku mbili. Iliniuma sana, maana kazi yenyewe haikuwa na kosa. Visual Studio ikikuonyesha ule utepe wa njano kwamba ifunguliwe upya kwa asilimia 100, itii.

Msimu uliofuata chama kikaongeza makato. Kila kato jipya lilitaka lebo, kisanduku na hesabu yake, nami naburuta tena. Hapo nikaacha. Makato nikayaweka kwenye jedwali la hifadhidata, na fomu ikifunguka, msimbo unayasoma na kupanga safu moja kwa kila kato ndani ya TableLayoutPanel, kidhibiti kinachopanga vitu kwa safu na nguzo kama jedwali. Likiongezwa kato, karani analiandika mwenyewe. Sirudi kugusa fomu.

Kwa hiyo stoo yako: ukurasa wa kuingilia na wa mipangilio buruta tu, haubadiliki. Orodha ya bidhaa na bei andika. Msimbo wako usiuweke ndani ya InitializeComponent, ile sehemu ya Designer.cs ambayo dizaina huiandika yenyewe; itaufuta. Uweke kwenye konstrakta ya fomu (msimbo unaoendeshwa fomu inapoundwa), chini ya mstari unaoiita InitializeComponent. Na ukitengeneza kidhibiti chako mwenyewe (kitu cha kuweka kwenye fomu, kama kitufe au kisanduku), usifungue hifadhidata kwenye konstrakta yake, kwa sababu ukikiweka kwenye fomu dizaina huiendesha hiyo konstrakta, na fomu inaweza kugoma kufunguka.