Yaya, niandike chukudu ao tshukudu?

Yaya, dada yetu mkubwa, nakusalimia sana. Mi nachoraka vibao hapa Birere, Goma. Kuna papa mmoja anatengeneza chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akaniomba kibao cha mlangoni, nikapima ubao nikaandika kwanza kwa kreyo CHUKUDU, hata rangi sijafungua, akakuja akasema nimeharibu, ni TSHUKUDU. Mtoto wake wa sekondari naye akasema hapana, ni CUKUDU. Ubao ni wa papa na franka ni zake, ila watu wakipita wataniulizia mimi. Nani anasema kweli?

Mdogo wangu, wote watatu mnatamka neno moja, hakuna anayedanganya, kila mmoja anaandika vile mkono wake ulifundishwa. Tsh ni mwandiko wa Kifaransa cha huku kwetu Kongo, sababu Mfaransa akiona ch anasoma sh, sasa ili apate sauti yetu anaweka t mbele, ndo maana tuko na Tshopo, Tshikapa, Tshisekedi, na hayo usiyaguse hata ukiandika Kiswahili, jina la mtu na la mahali linabaki vile lilivyo. C peke yake ni ya lugha zetu za huku, Mashi na Kinyarwanda, mtoto ameitoa nyumbani. Kiswahili chenyewe kinaandika ch, na c bila h haina nafasi kwenye alfabeti yake.

Kwa hiyo mimi ningekuuliza, maneno mengine ya kibao ni ya lugha gani? Kama papa anataka «Tunauza na kutengeneza», basi CHUKUDU, na mweleze polepole kwa heshima, ni mzee wako na ni mteja. Kama yote ni Kifaransa, mwachie tsh yake bila vita. Kitu kimoja tu usikubali, kuchanganya. Nimeona kibao kimoja, juu chukudu kwa herufi kubwa nzuri, chini karibu na namba ya simu tshukudu, tena ile U ya mwisho imebanwa kwenye ukingo wa ubao kwa sababu fundi alipimia herufi saba zikakuja nane. Iliniuma, maana mkono wa yule fundi ulikuwa mzuri kabisa.

Mama Yaya, niko Kadutu, Bukavu. Mwalimu amemkata mtoto wangu pointi sababu aliandika «muhogo», eti ni «mhogo». Mi nauzaka bunga ya muhogo miaka yote, sijasikia mtu akisema hiyo nyingine.

Mama, mtoto hakukosea. Muhogo na mhogo zote ni sahihi, kamusi zinazikubali.

Naomba nikae kidogo hapa maana watoto wengi wanaumia kwa hii. Kiswahili cha shuleni kilichaguliwa mbali na sisi, mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichukua Kiunguja cha Zanzibar kuwa msingi, halafu 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na sisi wakati huo tulikuwa chini ya Wabeljiji, hatukuwemo. Sasa watu wa Unguja walikuwa wameshameza ile u, mutu ikawa mtu, mutoto ikawa mtoto, mukate ikawa mkate. Sisi hatukuimeza. Kwa hiyo mtu asimwambie mtoto wako kwamba «mutoto» ni Kiswahili kichafu, hiyo u ni ya zamani kuliko kamati! Ila kwenye daftari la shule aandike mtoto, mkate, mti, ndiyo makubaliano ya wote wanaosoma Kiswahili.

Lakini mbele ya h, hata huko pwani kuna maneno yanaandikwa na u. Muhimu, muhula, muhuri, nani anaandika mhimu? Muhogo nayo inaandikwa hivyo. Nenda kwa mwalimu na kamusi mkononi, umsalimie vizuri, umfungulie ukurasa, asomee mwenyewe. Na mtoto akishachagua muhogo abaki nayo mpaka mwisho wa insha.

Yaya, naolewa hapa Lubumbashi, tunapanga kadi. Asante, ahsante ao aksanti? Na tafazali?

Hongera sana mdogo wangu! Asante na ahsante zote ni nzuri, h imetoka kwenye Kiarabu ambako maana yake ni «umefanya vizuri», mimi napenda asante, inasomeka haraka. Aksanti ni yetu ya mdomoni, naisema mchana kutwa, ila wageni wako wa Dar es Salaam wanaweza kusita, kwenye kadi iache. Tafadhali iandike na dh.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni l na r. Asante na ahsante hazibadilishi maana, lakini mahali na mahari ni maneno mawili, moja ni pale sherehe itafanyika na lingine ni ile mali wazazi wako wanapokea. Kadi za binamu yangu zilichapwa «Mahari pa sherehe», tukakaa usiku tukisahihisha kwa biki moja moja, mama yake akilia. Nitumie maandishi yako kabla hujayapeleka kuchapwa, nitayasoma siku hiyo hiyo.